Malkia wa Mchwa Hamwamuru Mtu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye semina ya uongozi, najilia chapati zao kimyakimya, hadi mtoa mada alipofika kwenye mchwa. "Tazameni kichuguu," akasema, "malkia akitoa amri, wote wanatii." Watu wakainama kuandika. Mimi mchwa ndiyo kazi yangu, na maneno hayo nimeshayasikia harusini, ibadani na redioni. Sasa yametosha.

Malkia wa Macrotermes, hawa wenye vichuguu virefu, ni mfuko wa mayai uliowekewa kichwa. Anataga maelfu kwa siku. Amefungiwa chumbani na mfalme wake, tumbo limefura hata kutembea hawezi, na matundu ya chumba hicho wanapita vibarua, yeye hapiti. Vibarua wenyewe ni vipofu. Haya, amri ya "ongezeni nguzo upande ule" anaitoa kwa njia gani, na upande ule anauona nani?

Toboa kichuguu ujionee. Kwanza hujitokeza askari, taya wazi, wanaulinda ukingo. Kisha kibarua anakuja na kitonge cha udongo uliolowa mate, anakibandika, anakishindilia, huyo anarudi ndani. Wa pili hajatumwa na mtu. Amekikuta kile kitonge, naye anabandika chake hapohapo. Mfaransa Pierre-Paul Grassé aliliita jambo hili stigmeji, mwaka 1959: kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo inayoita kazi inayofuata. Maagizo yamo ukutani.

Kitonge kuvuta kitonge ni mrejesho chanya, yaani jambo linalojiongeza lenyewe. (Chanya hapa si sifa za bosi. Moto wa nyika nao ni mrejesho chanya.) Mrejesho hasi ni kama udongo wa karibu kuisha, hiyo ndiyo breki. Tuendelee.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba nikishaeleza hayo, watu wanarukia ng'ambo ya pili: "Kumbe malkia ni bure tu!" Sikusema hivyo. Harufu inayomtoka huwaongoza vibarua kujenga kuta za chumba umbali fulani kutoka mwilini mwake, ndiyo maana chumba hulifuata umbo lake. Kwa hiyo anaathiri ujenzi, tena sana, lakini kama jiwe linavyouathiri mto. Mto unapinda kwa sababu ya jiwe, na hakuna anayesema jiwe limeuagiza upinde. Kuathiri ni kitu kimoja na kuamuru ni kingine, na nusu ya ugomvi wangu na watu wa semina uko hapo.

Wengine nao husema, basi kundi lina hekima. Wapi! Mwaka 2008 Wajapani walichapisha jaribio la magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakiambiwa waende mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Hakukuwa na taa, ajali wala trafiki wa kulaumiwa. Foleni ikazuka yenyewe, ikawa inasafiri kinyumenyume, huku kila gari likienda mbele. Huo nao ni uibukaji, yaani mpangilio wa kundi zima unaozuka bila mtu wa kuupanga, na hekima simwoni nayo hata mmoja.

Sasa niungame. Miaka mingi nimefundisha kwamba kinachomvuta kibarua kwenye kitonge ni harufu ya mate. Vitabu vinaandika hivyo kana kwamba kesi imefungwa. Siku hizi kuna majaribio yanayoonyesha kwamba huenda unyevu, au jinsi ukuta ulivyopinda, ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi, na harufu hiyo ya kuunganishia udongo wapo wanaotilia shaka kama ipo. Nimebadilisha slaidi zangu mara mbili. Hata neno lenyewe uibukaji, sina hakika kama linataja kitu kilichomo duniani au ni jina la heshima tuliloupa ugumu wa hesabu zetu.

Mtoa mada alinifuata wakati wa chai. "Basi mwalimu, nani msimamizi wa kichuguu?" Nikamwambia hayupo. Akacheka, akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama vile namficha jina.