Je, wajua kwa nini sarafu ya kumbukumbu haimiminwi kama sufuria?

Chama chetu cha akiba hapa Kampala kilipokaribia kutimiza miaka 10, tuliamua kila mwanachama apewe sarafu ya kumbukumbu yenye nembo ya chama upande mmoja na mwaka wa kuanzishwa upande wa pili. Niliwahakikishia wenzangu kikaoni kwamba kazi hiyo ingemalizikia Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma hapa Kampala, kwani mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kuimimina katika kalibu za mchanga wangeshindwaje na kisahani cha milimita 40? Nilikosea, na nadhani si peke yangu: tukiona madini magumu yenye sura, tunadhani lazima yaliwahi kuwa maji.

Sarafu nyingi, ikiwemo ile ya shilingi 1,000 iliyoadhimisha miaka 50 ya uhuru wa Uganda mwaka 2012, hupigwa chapa zikiwa ngumu. Shaba njano huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, lakini wakati nembo inapoingia juu yake hakuna kinachoyeyuka.

Tazama mche wa sabuni dukani. Jina lililo ubavuni halikubandikwa. Sabuni ilibanwa, ikakosa pa kwenda isipokuwa ndani ya vishimo vya herufi. Shaba nayo hufanya hivyo, ila kwa mgandamizo wa tani nyingi. Kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya feleji, kikazungukwa na pete inayouzuia ukingo usitapakae. Nembo huchongwa kinyumenyume, kama ilivyo kwenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ingawa muhuri wake huacha wino tu, na huu huihamisha shaba yenyewe.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba shaba huchoka kama unga wa chapati. Donge lililokandwa mno hugoma kutanuka mpaka lipumzishwe, na shaba vilevile hukakamaa kila inapopigwa, hivyo sarafu yenye mwinuko mkubwa hurudishwa motoni ikalainishwa, bila kuyeyushwa, ndipo ipigwe tena.

Kuhusu bei, gharama ya kuchonga mihuri ni ileile kwa sarafu 20 au 500, na ndiyo maana vikundi vidogo hulalamika.

Hata hivyo, kumimina hakujafutwa kabisa. Aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zisizofika hata 400, husukumwa ndani ya kalibu za chuma pale umbo linapokuwa na matundu au kingo za ajabu ambazo muhuri hauwezi kuzitoa kwa urahisi. Mama mweka hazina wetu, baada ya kunisikiliza nikijisahihisha kwa dakika 20, alisema kwamba yeye angependa sarafu yenye umbo la ngoma, na nafasi wazi kati ya kamba zake. Basi tukaagiza ya kumiminwa.