Skrini nyeusi kwenye AM5 mpya: acha kuzimazima, bodi haijafa

Jamani, kwa mara nyingine tena: mashine mpya ya AM5 (soketi ya prosesa za AMD) ukiiwasha mara ya kwanza, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi dakika 5 nzima, hiyo haijafa. Mazabodi haijaungua, pawasaplai haijashindwa, na aliyekuuzia hajakupiga. Watu wanaleta mashine zenye vifaa vizima kabisa, zimeshazungushwa kwa mafundi wawili watatu, mmoja kasema bodi, mwingine kasema prosesa, hela imeshatoka. Inaniuma kwa sababu mara nyingi dawa ni kusubiri tu.

Kinachotokea ni hivi. AM5 ilipoingia mwaka 2022 na prosesa za Ryzen 7000 ilikuja na ramu ya DDR5 peke yake, hamna DDR4 ya zamani humo. Sasa DDR5 ikienda kasi ya 6000 (MT/s), kila biti inakaa kwenye waya pikosekunde 167 hivi, yaani muda ambao ishara kwenye bodi haijasafiri hata sentimita 3. Stiki moja ya ramu ina nyaya 64 za data, na hakuna bodi ambayo nyaya zote zinafanana mia kwa mia, wala stiki mbili zinazofanana hivyo, hata zikitoka boksi moja. Kwahiyo kabla ya kazi nyingine yoyote prosesa inaandika data ya majaribio kwenye ramu, inaisoma, inasogeza muda kidogo, inagusa volti kidogo, inaandika tena, inasoma tena, mpaka ipate pale ambapo kila waya unasomeka bila makosa. Hiyo ndo memori treningi. Picha haiji mpaka iishe. DDR4 nayo ilikuwa inafanya hivi ila fasta, ndo maana mtu aliyezoea mashine za zamani zikipita sekunde 30 tu kashashika bisibisi.

Ramu ikiwa nyingi, muda unaongezeka. Stiki 2 za GB 16 kwa kawaida ni dakika chache. Stiki 4 za GB 32, nenda kachemshe chai.

Sasa kinachonikera kuliko vyote. Mtu anawasha, anasubiri dakika moja, anazima kwa kushikilia batani. Anawasha, anazima. Anauliza kwenye grupu la WhatsApp anaambiwa toa betri ya CMOS (kumbukumbu ndogo ya bodi inayoshika setingi), anatoa, anarudisha, anawasha, dakika moja, anazima. Ndugu yangu, kila ukikata umeme katikati treningi inaanza upya, na ukifuta CMOS unaweza kufuta na matokeo ambayo bodi ilikuwa imeshayahifadhi. Utakesha hivyo, na asubuhi utakuwa na uhakika bodi ni mbovu wakati haijapewa nafasi hata mara moja ya kumaliza kazi yake. Kufuta CMOS ni dawa ya setingi mbaya, umepandisha kasi ya ramu mashine ikagoma kuwaka, hapo sawa, futa. Lakini mashine imetoka boksi leo, hujaingia BIOS (programu ya bodi yenye setingi) hata mara moja, unafuta nini? Na kama mtaani kwenu umeme unakatika katika, hiyo siku ya kwanza iwashie kwenye UPS, maana ukikatika katikati ya treningi ni yale yale.

Angalia taa. Bodi nyingi zina taa 4 ndogo pembeni, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ya DRAM ikiwaka ikatulia, fundi mwenye haraka anasema ramu mbovu. Hapana, inasema tu bodi iko kwenye hatua ya ramu, na hatua hiyo ndo ndefu. Wakati mwingine mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, feni zinasimama zinarudi, usiishtukie, iache.

Mpaka lini? Hapa hakuna namba ya kitabu. Mimi kwa stiki 2 nasubiri dakika 15, kwa 4 nusu saa, na hata hapo natoa stiki zote nabakiza moja, sloti ya A2, ile ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, nawasha tena kabla sijatamka neno ubovu. Kuna seti za ramu zinapita leo zinakwama kesho hakuna aliyegusa kitu, na hapo kwa kweli ni kubahatisha, nashusha kasi toka 6000 mpaka 5600, ikitulia naiacha hapo hapo.

Yale mengine ni haraka haraka. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 juu kushoto, umechomekwa? HDMI iko kwenye kadi ya grafiki au umeichomeka kwenye bodi? Na kama umenunua Ryzen 9000, hizo zimetoka 2024, ukaiweka kwenye bodi ya B650 iliyokaa dukani tangu zamani, BIOS yake haiijui hiyo prosesa, subiri mpaka Krismasi haitawaka. Hapo ni BIOS mpya kwenye flashi na ile batani ya Flashback, inayoweka BIOS mpya hata mashine haiwaki, kama bodi yako inayo.

Halafu kuna wale mashine inawaka ila kila asubuhi inachukua dakika nzima, basi wanapiga Windows upya, wananunua na SSD nyingine. Fungua Task Manager, upande wa Startup, juu kulia kuna Last BIOS time. Ikisoma sekunde 45 au 60, hizo zimepita kabla Windows haijaguswa kabisa, utapiga Windows mpaka uchoke. Ni treningi inarudiwa kila ukiwasha. Ingia BIOS tafuta Memory Context Restore, iwashe, bodi itatumia matokeo ya jana badala ya kupima upya. Ila sikuapii kwamba ni bure. Kuna mashine ukiiwasha hiyo setingi zinaanza kutoa skrini ya bluu, hasa zenye BIOS za mwanzo mwanzo. Sasisha BIOS kwanza, washa na setingi ya Power Down Enable humo humo BIOS, jaribu wiki. Ikileta bluu izime, vumilia hiyo dakika, faili za kazi zako zina thamani kuliko dakika.

Na wenye stiki 4, kasi rasmi ya AMD kwa stiki 4 kwenye Ryzen 7000 na 9000 ni 3600. Sio 6000 iliyoandikwa kwenye boksi la ramu. Ukiwasha EXPO (setingi ya BIOS inayopandisha ramu mpaka kasi ya kwenye boksi) hapo na mashine ikakaa nusu saa bila picha, zima EXPO kwanza ndo uanze kumtafuta fundi.