Kinanda cha Leipzig si cha Bach

Wageni wengi wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, Ujerumani, huamini kuwa kinanda kikubwa cha mabomba kwenye roshani ya magharibi ndicho alichopiga mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach. Sicho. Bach alifariki mwaka 1750. Hicho kilijengwa na Wilhelm Sauer mwaka 1889. Kinanda cha pili, cha upande wa kaskazini, chenye sura ya kale, ndicho kinachopotosha watu zaidi: ni cha mwaka 2000! Tena Bach hakuajiriwa hapo kama mpiga kinanda. Alisimamia kwaya na muziki, na kinanda kilikuwa na mpigaji wake. Mkabala na kanisa, makumbusho yamehifadhi meza ya kupigia (sehemu anapokaa mpigaji) ya kinanda cha kanisa la Mtakatifu Johannes, ambacho Bach alikikagua mwaka 1743.