Si tauni iliyomaliza Wharram Percy

Watu wengi wakiona picha za Wharram Percy, kijiji cha kale kilichobaki mahame kule Yorkshire, Uingereza, yale matuta yaliyofunikwa na nyasi, wanasema tauni ya 1348-49 iliua kijiji kizima. Hapana jamani. Tauni ilifika na iliua watu wengi, hilo halina ubishi, ila waliobaki waliendelea kulima na kuishi hapohapo kama miaka 150 hivi, na tunajua hivyo kwa sababu mwanahistoria Maurice Beresford alianza kuchimba pale 1950, mwanaakiolojia John Hurst akajiunga naye muda mfupi baadaye, na uchimbaji uliendelea kila kiangazi hadi 1990 pamoja na volantia kibao. Kilichomaliza kijiji ni kondoo, yaani sufu ilikuwa inalipa kuliko nafaka na kundi kubwa linataka mchungaji mmoja tu, sasa mwenye ardhi akaona wapangaji wa nini, na karibu mwaka 1500 familia za mwisho zikatolewa. Inauma kwa kweli. Na hayo matuta sio makaburi, ni misingi ya nyumba na mipaka ya viwanja, na ile sehemu iliyodidimia katikati ilikuwa barabara. Makaburi yako kanisani St Martin, na kanisa lenyewe liliendelea kutumika mpaka karne ya 20.