Kwa Nini Mabilioni ya Misaada Hayajaujenga Uchumi wa Palestina

Kila mkutano wa wahisani wa Palestina unapomalizika, vyombo vya habari hutangaza tarakimu moja kubwa. Paris, Desemba 2007: dola bilioni 7.7. Cairo, Oktoba 2014: dola bilioni 5.4. Miaka inapita, na msomaji anauliza swali la haki kabisa: fedha zote hizo zimekwenda wapi, mbona Wapalestina bado wanahangaika? Wengi hujibu upesi kwamba zimeliwa. Ubadhirifu upo na nitaugusia, ila anayeishia hapo hajafika kwenye kiini cha jambo.

Tuanze na kodi, maana bila kuielewa kodi misaada yenyewe haieleweki. Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani ya Wapalestina, iliundwa mwaka 1994, matunda ya Mikataba ya Oslo, ile ya amani na Israel. Aprili ya mwaka huohuo Israel na chama cha ukombozi cha PLO walitia saini Itifaki ya Paris, waraka ambao mpaka leo ndio unaotawala maisha ya kiuchumi ya Wapalestina. Kwa itifaki hiyo, forodha zikawa moja. Bidhaa iliyoagizwa na mfanyabiashara wa Ramallah au Hebron hushushwa kwenye bandari za Israel, Ashdod au Haifa, na ushuru wake hukusanywa na Israel. Kila mwezi pande mbili hufanya hesabu, Israel hukata asilimia 3 kuwa gharama za kazi hiyo, kisha salio hupelekwa kwa Mamlaka. Wapalestina huliita fungu hilo maqasa. Ni kama theluthi mbili ya mapato yote ya serikali yao.

Afrika Mashariki tunayo hali inayokaribiana na hiyo kwa sura, si kwa undani. Mzigo wa Uganda hushukia Mombasa, lakini chini ya Himaya Moja ya Forodha, utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kodi yake hutozwa na Uganda yenyewe kabla lori halijaondoka bandarini. Kwa Wapalestina anayekusanya ni mwingine, na aliyeshika fedha ana uwezo wa kuzizuia.

Amezizuia mara nyingi. Ilikuwa hivyo mwaka 2006, Hamas, kundi la Kiislamu linaloipinga Israel kwa silaha, iliposhinda uchaguzi wa bunge. Ikawa hivyo tena 2011, UNESCO ilipoipokea Palestina kuwa mwanachama, na 2015, Palestina ilipojiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Kuanzia 2019 Israel ikawa inakata kiasi kinacholingana na posho ambazo Mamlaka ilikuwa ikizilipa familia za wafungwa na za waliouawa, ikisema posho hizo ni ujira wa ugaidi. Mamlaka ilisema ni hifadhi ya jamii. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vilivyofuata, likakatwa pia fungu linalohusu Gaza. Mei 2025 upelekaji ukasimama kabisa.

Maqasa ikisimama, wa kwanza kuumia ni mwalimu na muuguzi. Tangu mwishoni mwa 2021 watumishi wa umma wa Palestina wamekuwa wakipokea mishahara nusunusu. Hapo ndipo mhisani anapoingia. Umoja wa Ulaya una utaratibu wake uitwao PEGASE, ulioanza 2008, ambao huchangia mishahara na pensheni moja kwa moja. Ni msaada wenye maana kubwa kwa familia zinazoupokea. Lakini tuuite kwa jina lake: sehemu kubwa ya kinachoandikwa vitabuni kuwa msaada wa maendeleo imekuwa ikiziba pengo la kodi ambayo ni mali ya Wapalestina wenyewe. Na mkono wa mhisani nao huchoka. Kwa hesabu za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, mwaka 2008 misaada ilikuwa dola bilioni 2, sawa na asilimia 27 ya pato la taifa. Mwaka 2022 ilishuka hadi dola milioni 550, chini ya asilimia 3.

Kuna jambo lingine ambalo hata wachumi hulipita haraka. Palestina haina sarafu yake. Watu hununua na kuuza kwa shekeli ya Israel. Zaidi ya nusu ya bidhaa zinazoagizwa hutoka Israel, na umeme na mafuta vimo humo. Kwa hiyo mshahara uliolipwa na Umoja wa Ulaya Jumatatu, Ijumaa umeshavuka mpaka kulipia umeme na unga. Ni maji kwenye pakacha.

Nani alitoboa pakacha hilo? Mfano bora kuliko yote niijuayo ni wa vitalu nyumba vya Gaza. Mwaka 2005 Israel iliwaondoa walowezi wake Gaza, nao waliacha vitalu vya kisasa vya mboga na matunda. James Wolfensohn, aliyekuwa ametoka tu kuiongoza Benki ya Dunia na sasa mjumbe wa kimataifa wa kusimamia uondokaji huo, alichangisha dola milioni 14 kuvinunua ili wavirithi Wapalestina. Nusu milioni aliitoa mfukoni mwake. Vingine vilibomolewa na walowezi kabla ya kuondoka, vingine viliporwa na Wapalestina wenyewe siku za mwanzo, lakini vingi vilikarabatiwa na kupandwa. Mwisho wa mwaka mavuno yakawa tayari: stroberi, nyanya, pilipili hoho, soko likiwa Ulaya.

Njia kuu ya mizigo ilikuwa kivuko cha Karni, mpakani mwa Gaza na Israel. Mkataba wa Novemba 2005 ulilenga malori 150 ya bidhaa za kuuza nje kwa siku ifikapo mwisho wa mwaka huo, na 400 mwaka uliofuata. Katikati ya Januari 2006 Karni ikafungwa, na kwa miezi iliyofuata ikawa inafunguliwa na kufungwa. Israel ilitoa sababu za usalama, na si sababu za kubuni: mwaka mmoja kabla, shambulio kwenye kivuko hichohicho liliua Waisraeli sita. Lakini stroberi haisubiri uchunguzi wa usalama. Mazao yakaoza, mengine yakatupwa, na mradi ukafa msimu wake wa kwanza. Mtaji ulikuwepo, utaalamu ulikuwepo, mnunuzi alikuwepo. Kilichokosekana ni geti.

Ukishaielewa Karni, mengine hayakushangazi. Uwanja wa ndege wa Gaza ulifunguliwa 1998 kwa fedha za nchi kadhaa, zikiwemo Japani, Misri na Uhispania. Miaka mitatu tu baadaye njia yake ya kurukia ilikuwa imeharibiwa na jeshi la Israel. Gesi ya Gaza Marine, kilomita kama 36 kutoka ufukweni, iligunduliwa mwaka 2000 na mpaka leo iko chini ya bahari.

Mwekezaji binafsi naye hukutana na yaleyale. Karibu na Ramallah, Mpalestina Bashar Masri na kampuni ya Qatari Diar walijenga Rawabi, mji mpya kabisa uliopangwa tangu mwanzo. Nyumba zilikamilika, wanunuzi walikuwepo, lakini hawakuweza kuhamia mpaka 2015 kwa kuwa ruhusa ya maji ilikuwa haijatoka. Bomba lilihitaji kibali cha Israel. Kampuni ya simu iliyoanza Ukingo wa Magharibi mwaka 2009 kwa mtaji wa Kuwait na baadaye Qatar ilipata kuhudumia Gaza mwaka 2017 tu, na huduma ya 3G ikaruhusiwa Ukingo wa Magharibi Januari 2018, wakati majirani walishaizoea 4G.

Sababu ya kila kitu kuhitaji kibali ni kwamba kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi ni eneo liitwalo C, lililo chini ya mamlaka kamili ya Israel, na ndilo linaloshika ardhi kubwa ya kilimo, madini ya Bahari ya Chumvi na nafasi ya barabara. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba vizuizi vya eneo hilo viliugharimu uchumi wa Palestina dola bilioni 3.4 kwa mwaka, asilimia 35 ya pato lake la 2011. Linganisha na ahadi za mkutano wa Paris wa 2007, bilioni 7.7 zilizokuwa za miaka mitatu.

Sasa lawama za nyumbani, maana zipo. Uchaguzi wa bunge wa 2006 ndio ulikuwa wa mwisho, na tangu mgawanyiko wa Hamas na Fatah, chama kinachoiongoza Mamlaka, mwaka 2007 bunge halijaikagua bajeti ipasavyo. Baada ya Hamas kuitwaa Gaza, Mamlaka iliwaamuru watumishi wake wa huko wasiende kazini, ikaendelea kuwalipa kwa miaka. Kwa siasa za wakati ule unaweza kuielewa hatua hiyo. Kwa mlipa kodi wa Ulaya aliyechangia mishahara hiyo, ni vigumu kuitetea.

Mizani ya leo ni Gaza. Februari 2025 Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kuijenga upya na kuinua uchumi wake kunahitaji dola bilioni 53.2 kwa miaka kumi, na nyumba peke yake zaidi ya bilioni 15. Mkutano wa wahisani ukiitwa, usiishie kwenye jumla. Tazama kwanza orodha ya bidhaa ambazo Israel huziona zinaweza kutumika kivita. Baada ya vita vya 2014 saruji ilikuwa kwenye orodha hiyo, ikaundwa mfumo maalumu uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa: mwenye nyumba iliyobomoka aliandikishwa, akakadiriwa mahitaji yake, na mifuko yake ikafuatiliwa hadi ghalani. Ujenzi ulikwenda kwa kusuasua na soko la magendo la saruji likastawi. Kiasi cha saruji kitakachoruhusiwa kupita kwa siku kinaeleza zaidi kuliko bilioni zitakazotangazwa, na hiyo ndiyo tarakimu ambayo taarifa za mikutano huwa haziitaji.