Umeenda kupiga picha nyoka porini, kakugonga: maswali tunayoulizwa sana hapa hospitalini

Si nyoka wengi hawana sumu?
Ni kweli, wengi hawana. Lakini usiku na tochi ya simu huwezi kuwatofautisha, kwa hiyo ukigongwa chukulia ana sumu, twende hospitali.

Nani hasa wa kuogopa?
Kifutu, wengine mnamwita bafe. Huyu hakimbii, analala kimya kwenye majani makavu rangi zimefanana kabisa, wewe unachuchumaa na simu upate picha ya karibu, yeye shingo kashaikunja anapumua kwa nguvu fuuu, huo mlio ndo onyo lenyewe na hatoi la pili. Baki mita tatu nyuma, vaa gambuti, zumu kamera. Swila, yaani kobra, yeye anatema sumu mpaka mita mbili na zaidi, akikupata machoni osha na maji safi mengi dakika 15 au 20, usifikiche, halafu njoo.

Jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha linanyonya sumu?
Halinyonyi. Mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa, kinanata kwenye damu basi. Mnasema jirani alipona nalo, sawa, nyoka wakati mwingine anagonga bila kutoa sumu, huyo angepona hata mngembandikia kitufe cha shati.

Tukiweka jiwe kwanza, likishindwa ndo tuje?
Hapana. Hiyo "kwanza" ndo inatuletea mguu umevimba mpaka nyonga, malengelenge meusi, fizi zinatoka damu. Dawa ya sumu inakamata sumu ambayo bado iko kwenye damu, nyama iliyokwisha kufa haiirudishi.

Kufunga kamba, kuchanja wembe?
Acheni, tafadhali. Kamba inakata damu na mguu unaoza, wembe unaongeza kidonda kwa mtu ambaye damu yake pengine haigandi. Vua pete na viatu, funga banzi mguu usichezecheze, asitembee, bodaboda abebwe katikati mtu amshike kwa nyuma.

Tumuue nyoka tumlete?
Wa nini? Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata. Kama mna picha yake ya mbali inatosha, kama hamna, tunapima damu kwenye chupa ya kioo dakika 20 tunaona kama inaganda.

Hospitali iko mbali, jiwe likae wakati tunasubiri gari?
Hapana jamani. Tafuteni gari.