Mwanga usiotambulika angani: jeshi huchunguza nini?

Jeshi likiandika kwamba mwanga fulani "haukutambulika", halijasema umetoka sayari nyingine. Limesema kwamba wachunguzi walikuwa na taarifa ya kutosha, wakailinganisha na kila wanachokijua, wasipate kinachofanana nayo. Taarifa yenye mapengo, isiyo na saa wala upande, huwekwa fungu lake. Wengi huchanganya mafungu haya mawili, na uvumi huanzia hapo.

Uchunguzi unaotajwa zaidi ni Project Blue Book wa Jeshi la Anga la Marekani, wa 1952 hadi 1969. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na wakubwa walitaka kujua kama ni ndege za Wasovieti. Zilikusanywa taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila kutambulika. Nyingi kati ya zile zilizotambulika zilikuwa nyota, vimondo, ndege na maputo. Mshauri wao, mwanafalaki J. Allen Hynek, aliingia akiwa hana imani na habari hizi, lakini baadaye akalalamika kwamba jeshi halikuzichunguza kwa dhati. Naona alikuwa na haki: ukishaamua jibu kabla ya kumsikiliza shahidi, huo si uchunguzi.

Sasa njoo Malindi. Mvuvi ameona mwanga mweupe, mkali, haupepesi. Swali la kwanza ni saa ngapi. Akisema ni baada tu ya magharibi, upande wa bara, na ukawa unashuka polepole, hiyo yaelekea ni sayari ya Zuhura. Akisema ni saa sita usiku, Zuhura haimo, kwa kuwa saa hiyo huwa imeshatua au haijachomoza. Kama ulikatiza anga kwa dakika chache bila kuwaka na kuzima, yaelekea ni setilaiti. Taa nyingi zilizofuatana kwa mstari mmoja yaelekea ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa karibuni.

Tena pwani hii ina historia yake. Kwenye majukwaa ya San Marco, baharini pale Ngomeni, Waitaliano walirusha roketi zilizobeba setilaiti kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipaa hapo setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru. Baharia aliyekuwa mbali, asiyejua habari za Ngomeni, angeripoti moto unaopanda mbinguni, na asingekuwa mwongo hata kidogo.

Uingereza ilifunga dawati lake la taarifa hizi mwaka 2009, ikisema kwamba kwa zaidi ya miaka 50 hakuna hata moja iliyoonyesha tishio kwa nchi. Marekani ikaanzisha ofisi mpya ya kuchunguza taarifa hizi, AARO, mwaka 2022.

Ukiona mwanga usioujua, andika hapo hapo: saa, upande, umedumu muda gani, umekwenda wapi. Nyoosha mkono, upime ni ngumi ngapi kutoka upeo wa macho. Ngumi moja ni kama digrii 10. Picha ya simu ipige pia, ila hakikisha mnazi au paa la nyumba limo ndani yake.